Dan Gertler na mali ya Kongo: historia ya miaka 25 ya urafiki na wakubwa

Juma lililopita nilikuwa katika kambi moja ya wahami hapa Bunia. Baba mmoja, mvuvi kutoka kando ya Ziwa Albert, aliniita pembeni akaniuliza: "Mwandishi, banasema petroli ya ziwa yetu baliuzisha zamani kwa Muzungu moja, rafiki ya raisi. Ni kweli ao ni bongo?"

Nilimjibu: "Baba, kuna sehemu ya kweli, na kuna sehemu watu wanaongeza." Akaniomba niandike yote kwa utaratibu, ili watoto wake wanaosoma wamsomee. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa ninyi wote mliouliza swali kama lake.

Mtu mwenyewe anaitwa Dan Gertler. Kabla ya kuendelea, jambo moja lieleweke. Gertler amekana siku zote kwamba alitoa rushwa au alivunja sheria, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa mambo haya. Ninayoandika hapa ni yale yaliyomo katika ripoti za Umoja wa Mataifa, maamuzi ya serikali, mikataba na mashauri yaliyofikishwa mahakamani katika nchi mbalimbali.

Desturi ya zamani

Gertler si wa kwanza. Katika nchi yetu, mfanyabiashara mkubwa na mtawala wamekuwa wakitembea pamoja tangu zamani. Mwaka 1887 Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar, kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Mwaka 1906 yalianzishwa makampuni makubwa ya enzi ya ukoloni: Union Minière kwa shaba ya Katanga, Forminière kwa almasi ya Kasai, na BCK kwa njia ya reli. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yachukuliwe na Wazairwa, na mengi yakaangukia mikononi mwa watu waliokuwa karibu naye.

Kwa hiyo desturi ni ya zamani: anayeshika madaraka ndiye anayegawa mali ya ardhini, na aliye karibu naye ndiye anayepata kwanza. Gertler aliikuta desturi hiyo hapa.

Kijana wa miaka 23

Dan Gertler alizaliwa Israel mwaka 1973, mwaka uleule wa tangazo la Mobutu. Babu yake, Moshe Schnitzer, aliongoza soko la almasi la Israel kwa miaka mingi. Kwa hiyo kijana huyo alikua akiona almasi nyumbani, na alianza biashara hiyo mapema.

Alifika Kongo mwaka 1997 akiwa na miaka 23. Wengi wenu mnakumbuka mwaka ule. Tarehe 17 Mei jeshi la AFDL liliingia Kinshasa, Mobutu akakimbia, na Mzee Laurent-Désiré Kabila akawa rais. Mwaka uliofuata, Agosti 1998, vita vingine vilianza. Serikali ya Kinshasa ilipoteza karibu nusu ya nchi, pamoja na Ituri yetu, na ilihitaji fedha za haraka.

Gertler alijulishwa kwa Joseph Kabila, mtoto wa Mzee, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa jeshi. Wawili hao ni vijana wa rika moja, wakawa marafiki. Kisha akafika kwa Mzee mwenyewe.

Mwaka 2000 kampuni yake, IDI, ilipewa haki ya kuwa mnunuzi pekee wa almasi zote za Kongo zinazokwenda nje. Bei ya haki hiyo ilikuwa dola milioni 20. Kontuari nyingine zote zikaambiwa zifunge mlango.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya mkataba huo katika ripoti yao ya Aprili 2001. Walisema Mzee Kabila alikuwa na sababu mbili: kupata fedha za kununulia silaha, na kupata msaada wa kijeshi kutoka Israel kwa njia ya watu ambao Gertler aliwafahamu. Walisema pia kwamba mkataba uligeuka hasara. Wachimbaji na wanunuzi wadogo hawakukubali bei ya mnunuzi mmoja. Almasi zikavuka mto kwa siri kwenda Brazzaville, na serikali ikakosa ushuru wake.

Mzee Kabila aliuawa Januari 2001. Joseph alipokalia kiti cha baba yake, mkataba wa IDI ulivunjwa mwaka huohuo. Urafiki wenyewe haukuvunjika. Mwaka 2003 kampuni nyingine iliyofungamana na Gertler, Emaxon, iliipa MIBA ya Mbuji-Mayi mkopo wa dola milioni 15. Ikapata haki ya kununua asilimia 88 ya almasi za MIBA kwa miaka minne. Leo ukifika Mbuji-Mayi na kuwauliza wazee waliofanya kazi MIBA, watakueleza jinsi kampuni hiyo ilivyoanguka. Sababu ni nyingi, na mkataba huo si sababu pekee.

Shaba na kobalti: namna mali ilivyopita mikononi

Baada ya vita, macho yaligeukia Katanga. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa imechoka. Mitambo ilikuwa mibovu na wafanyakazi walidai mishahara ya miaka. Lakini ardhi yake ilikuwa bado imejaa shaba na kobalti.

Mtu aliyekuwa na neno kubwa katika mikataba ya madini alikuwa Augustin Katumba Mwanke, gavana wa zamani wa Katanga na mshauri wa karibu wa Rais Joseph Kabila. Alikuwa pia rafiki wa Gertler. Watu wa Bukavu wanamkumbuka kwa kifo chake: ni yeye aliyekufa tarehe 12 Februari 2012 ndege ilipoanguka katika uwanja wa Kavumu.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi biashara ilivyokwenda, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Gécamines ilikuwa na hisa katika mgodi, yaani fungu lake la umiliki. Iliuza hisa hizo bila kutangaza mnada, kwa kampuni isiyojulikana iliyoandikishwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Huko sheria haikulazimisha kutaja mwenye kampuni hadharani. Kampuni hiyo, iliyofungamana na Gertler, iliuza hisa zilezile kwa kampuni kubwa ya kigeni kwa bei ya juu zaidi. Tofauti ya bei haikuingia hazina ya taifa.

Mfano mmoja ni mgodi wa SMKK. Mwaka 2010 Gécamines iliuza nusu yake kwa dola milioni 15. Muda mfupi baadaye nusu ileile ilinunuliwa na ENRC, kampuni kubwa iliyokuwa katika soko la hisa la London, kwa dola milioni 75. La kushangaza ni kwamba ENRC ilikuwa tayari na nusu nyingine ya mgodi, pamoja na haki ya kununua kwanza moja kwa moja kutoka Gécamines. Haikuitumia haki hiyo.

Mfano wa pili ni mabaki ya madini ya Kolwezi, yale mavumbi yaliyotupwa tangu enzi ya Wabelgiji na ambayo bado yana shaba na kobalti. Kampuni ya Kanada, First Quantum, ilikuwa ikijenga kiwanda pale. Serikali ikaifutia mkataba mwaka 2009. Mradi ukapita kwa makampuni yaliyofungamana na Gertler, na Agosti 2010 ENRC ikanunua zaidi ya nusu ya umiliki kwa dola milioni 175. First Quantum ilishitaki katika mahakama za nje. Mwishowe, Januari 2012, ENRC ilikubali kuilipa dola bilioni 1.25 ili kumaliza ugomvi wa mali zake zote za Katanga.

Mwishoni mwa mwaka 2012 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilisimamisha mkopo wake kwa Kongo, kwa sababu serikali haikutangaza kikamilifu mkataba mmoja wa namna hii. Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Kofi Annan, katibu mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, lilichunguza mikataba mitano ya kati ya 2010 na 2012. Lilikadiria kwamba Kongo ilipoteza dola bilioni 1.36. Hiyo ni kama mara mbili ya bajeti ya mwaka mmoja ya afya na elimu ikiunganishwa.

Mama unayelipa shule ya watoto kwa kuuza mihogo, pima hesabu hiyo.

Upande wa Gertler ni huu. Anasema alileta fedha Kongo wakati wa vita, wakati benki na makampuni makubwa yaliogopa kukanyaga hapa. Anasema migodi iliyokufa ilifufuka, kazi zikapatikana na kodi zikalipwa. Aliwahi hata kumwambia mwandishi wa jarida moja la biashara kwamba anastahili tuzo ya Nobel. Ni kweli kwamba migodi kama KCC na Mutanda leo inatoa shaba na kobalti nyingi sana. Wanaompinga wanajibu kwamba kampuni yenye ujuzi ingeweza kununua moja kwa moja kutoka serikalini, na bei yote ikabaki nchini.

Petroli ya Ziwa Albert

Sasa tunarudi kwa swali la baba mvuvi.

Mwaka 2006 kampuni za Tullow na Heritage zilikuwa zimetia sahihi kwa vitalu vya kwanza na vya pili vya Ziwa Albert, upande wetu wa Ituri. Upande wa Uganda, Tullow ilikuwa imeshapata petroli. Lakini Juni 2010 Rais Joseph Kabila alitia sahihi agizo la kuvipa vitalu hivyo kampuni mbili ambazo hakuna aliyezisikia kabla: Caprikat na Foxwhelp. Zote mbili ziliandikishwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Aliyeonekana mbele alikuwa Khulubuse Zuma, mpwa wa rais wa Afrika ya Kusini wa wakati ule, Jacob Zuma. Baadaye ilijulikana kwamba Gertler alikuwa nyuma yake.

Mwaka 2014 kampuni iliyosimamia kazi, Oil of DRCongo, ilitangaza kwamba huenda kuna mapipa bilioni 3 chini ya ardhi na maji yetu. Magari ya uchunguzi yalionekana katika vijiji vya kando ya ziwa. Mapipa hayo hayajatoka mpaka leo.

Kwa hiyo, baba, jibu ni hili: petroli yenyewe haikuuzwa, kwa sababu haijachimbwa. Kilichotolewa ni haki ya kuitafuta na kuichimba.

Na haki peke yake ni mali. Angalieni kitalu kingine, mbali na hapa, kule pwani kwenye mpaka wa Angola. Mwaka 2006 kampuni ya Gertler iitwayo Nessergy ilipata haki zake kwa dola 500 000. Miaka michache baadaye serikali ya Kongo yenyewe ilinunua tena haki hizo kwa dola milioni 150. Ni mara mia tatu ya bei ya kwanza, na hapakutoka hata pipa moja.

Sitasema kwamba petroli ndiyo iliyoleta vita vya Djugu. Wengi kambini wanasema hivyo, lakini sijaona ushahidi, na maneno kama hayo yanaweza kuongeza chuki kati yetu. Vijiji vilianza kuchomwa Desemba 2017, na mapema 2018 maelfu yenu mlivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Uganda. Ninachoweza kusema ni kwamba wenye ziwa walikuwa wa mwisho kujua nani alipewa haki ya ziwa.

Vikwazo, na mlango wa kurudi

Mwaka 2016 kampuni ya fedha ya Marekani, Och-Ziff, ilikubali kulipa dola milioni 413 kumaliza kesi za rushwa katika nchi kadhaa za Afrika. Hati za kesi zilimtaja mfanyabiashara wa Israel, bila jina, aliyelipa zaidi ya dola milioni 100 kwa wakubwa wa Kongo katika muda wa miaka kumi. Vyombo vya habari viliandika kwamba ni Gertler. Yeye alikana.

Tarehe 21 Desemba 2017 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo. Ilisema alitumia urafiki wake na Rais Kabila kuwa mtu wa kati katika mauzo ya madini. Juni 2018 makampuni 14 zaidi yaliyofungamana naye yaliwekwa katika orodha hiyo. Tangu hapo haruhusiwi kufanya biashara kwa dola wala kupitia benki za Marekani.

Lakini fedha hazikukatika. Gécamines ilikuwa na haki ya mrabaha wa asilimia 2.5 ya mauzo ya KCC, yaani fungu linalolipwa kila shaba inapouzwa. Haki hiyo ilikuwa imeshahamishiwa kampuni ya Gertler. Glencore, mwenye KCC, ilisimamisha malipo kwa kuogopa vikwazo. Gertler akaishitaki, na katikati ya 2018 Glencore ikakubali kumlipa kwa euro badala ya dola.

Januari 2021, Rais Donald Trump akiwa amebakiza siku chache madarakani, serikali yake ililegeza vikwazo kwa mwaka mmoja. Mashirika ya raia ya Kongo yalipiga kelele. Machi 2021 serikali ya Joe Biden ilifuta ruhusa hiyo.

Watu waliotoa habari walilipa gharama yao. Wafanyakazi wawili wa zamani wa benki moja ya Kinshasa, vijana Wakongomani, walitoa nje hati kuhusu fedha za Gertler. Mwaka 2020 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo bila wao kuwepo. Walikuwa wamekimbilia Ulaya. Nao pia ni watu waliohama makwao.

Mwezi wa pili 2022 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilitangaza makubaliano na kampuni ya Gertler, Ventora. Gertler atarudisha vibali vya madini na petroli, pamoja na vitalu vya Ziwa Albert. Serikali ilisema mali hiyo ina thamani ya dola bilioni 2. Wengi walishangilia. Maandishi yalipotoka hadharani miezi kadhaa baadaye, watu waliona pia kwamba serikali nayo ingemlipa Gertler euro milioni 240, na kwamba yeye angebaki na mirabaha yake ya KCC, Mutanda na Metalkol. Muungano wa mashirika ya raia uitwao "Le Congo n'est pas à vendre", yaani Kongo haiuzwi, ulisema wazi kwamba nchi haikupata fungu lake la haki.

Desemba mwaka huo Glencore nayo ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180 kumaliza madai ya rushwa ya kati ya 2007 na 2018. Ni fedha nyingi, lakini ukizigawa kwa Wakongomani wote, kila mmoja hapati hata dola mbili.

Historia hii inatufaa nini sisi tulio kambini?

Mama mmoja aliyesikiliza mazungumzo yetu alisema: "Hiyo ni mambo ya bakubwa. Sisi tunatafuta sheeting na unga." Simlaumu. Lakini siku moja amani itarudi, na mtarudi kando ya ziwa na kwenye mashamba yenu. Vitalu vya petroli vimerudi mikononi mwa serikali. Mwaka 2022 Kinshasa ilifungua mnada wa vitalu 27 vya petroli nchini, na Oktoba 2024 ikaufuta. Mnada mwingine utakuja, na watu wenye magari watafika tena kijijini.

Siku hiyo ulizeni maswali manne. Kampuni hii imeandikishwa wapi? Mwenyewe ni nani, kwa jina? Ilipataje kibali, kwa mnada au kwa sahihi ya mtu mmoja? Na mkataba umetangazwa wapi, ili tuusome?

Kwa upande wa madini, sheria ya Machi 2018 inatupa nguvu. Mrabaha wa madini umegawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, usheferi au mji ambako madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi. Sheferi wako akisema hajui, mwonyeshe makala hii.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mikataba yote niliyoitaja ilikuwa na daftari, ila daftari hilo lilifungiwa mbali, mahali ambapo mvuvi wa Ziwa Albert asingeweza kulifikia.

Nilipomaliza kuandika, nilirudi kambini kumsomea baba yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi siku tutarudia, nitauliza jina." Mjukuu wake alikuwa kando, akaandika yale maswali manne kwenye daftari lake la shule.